Mbuya: Watoto wanajua nani aliketi kitini, je, wanajua nani aliamua?

Mnamo Februari 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliiamuru Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iyaondoe majina ya watawala wa kikoloni katika barabara za jiji hilo. Madai hayo yalikuwa yamepata nguvu tangu mwaka 2020, pale wakili Apollo Makubuya na wenzake walipopeleka ombi bungeni. Walitaka vibao vya mitaani visiendelee kuwatukuza watu kama Colvile, afisa wa Kiingereza aliyeongoza vita dhidi ya Bunyoro mwishoni mwa karne ya 19. Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Mtoto husoma kibao cha barabarani kabla hajafungua kitabu cha historia, na anayoyasoma hapo humweleza ni nani aliyestahili kukumbukwa.

Kwa wasikilizaji wanaolea watoto Ulaya, Marekani ya Kaskazini au Australia, mjadala huu una sura wanayoifahamu. Huko wazazi wengi huhangaika kuwaonyesha watoto wao kwamba mtu mweusi, au mwenye asili ya Asia, anaweza kuwa waziri, jaji au meya. Shule nazo hutenga muda wa kuwafundisha habari hizo, Februari katika Marekani na Kanada, Oktoba katika Uingereza. Kampala jambo hilo huonekana limekwisha kabla halijaanza. Rais ni mweusi, mawaziri ni weusi, na majaji na majenerali pia. Mtoto wa Kampala hahitaji kuambiwa kwamba mtu wa rangi yake anaweza kutawala, kwa kuwa hajapata kuona vinginevyo.

Hata hivyo somo hilo bado lina kazi kubwa Uganda, na pengine hakuna mahali linapoonekana wazi kuliko Mbuya.

Mbuya ni kilima cha mashariki ya jiji, katika tarafa ya Nakawa. Juu kuna nyumba za wenye uwezo, kambi ya jeshi, hospitali ya kijeshi na makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Chini, upande wa Kinawataka, kuna vyumba vya kupanga vilivyobanana na maisha ya kubahatisha. Barabara ipandayo kilimani inaitwa Chwa II. Katika kilima jirani cha Bugolobi kuna barabara ya Luthuli, jina la Albert Luthuli, kiongozi wa ANC ya Afrika Kusini aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Amri ya mahakama haina la kubadilisha katika vibao hivyo viwili. Majina ni ya Waafrika, tena watawala na viongozi. Lakini ni watoto wangapi wanaopita hapo wanaoweza kusema Chwa II alitawala nini?

Mfalme aliyekuwa bado ananyonya

Daudi Chwa II alizaliwa Agosti 1896. Mwaka mmoja baadaye, baba yake, Kabaka Mwanga, aliwaasi Waingereza akakimbia, nao wakamtangaza mtoto huyo kuwa Kabaka wa Buganda. Walioshika hatamu kwa niaba yake walikuwa machifu watatu: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kizito Kisingiri. Tarehe 10 Machi 1900 machifu hao walitia saini mkataba na Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza. Mfalme alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mkataba huo ulimtengea maili mraba 350 za ardhi, ukawagawia machifu maelfu ya maili nyingine, ukaifanya sehemu kubwa iliyobaki kuwa mali ya Taji la Uingereza, na ukaitoza kila nyumba kodi ya rupia tatu kwa mwaka. Kadhalika uliweka sharti kwamba Kabaka angetambuliwa kuwa mtawala maadamu yeye, machifu wake na watu wake wanafuata sheria zilizowekwa na Uingereza.

Hapa mwalimu wa watoto wa miaka kumi angeweza kusimama kwa wiki nzima. Mtoto yeyote ataelewa mara moja ajabu ya mtoto mwenzake kuvishwa ufalme, na swali linalofuata atalileta mwenyewe. Kama mfalme hakujua kusoma wala kuandika, nani alikuwa akiamua? Machifu watatu waliamua mengi, na walijipatia mengi. Juu yao aliamua gavana wa Entebbe. Kwenye kiti alikuwapo mtu mweusi tangu siku ya kwanza ya ukoloni mpaka siku ya mwisho, na ukoloni uliendelea vivyo hivyo.

Mfumo huo haukuwa bahati mbaya. Waingereza waliutumia sehemu nyingi za bara, wakitawala kupitia wafalme na machifu, ili anayedai kodi mlangoni awe na sura ya anayelipa. Msomi aliyeuchambua kwa kina kuliko wengi ni Mahmood Mamdani, profesa aliyekulia Kampala, aliyefukuzwa pamoja na Waasia wenzake mwaka 1972, na ambaye baadaye alirudi kufundisha Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1996, *Citizen and Subject*, alieleza kwamba chifu wa kikoloni alikuwa mtunga sheria, hakimu na mtoza kodi kwa pamoja, na kwamba uhuru ulipokuja rangi ya waliokaa ikulu ilibadilika upesi kuliko mamlaka ya yule chifu wa kijijini.

Si haki, lakini, kumfanya Daudi Chwa kikaragosi tu. Alipokua alikuwa na maoni yake na aliyaandika. Mwaka 1935 alichapisha kijitabu kuhusu elimu na ustaarabu katika Buganda, akilalamika kwamba vijana waliosoma walikuwa wanajifunza kudharau adabu za kwao na kuiga za wageni hata pasipo sababu. Na kuna jambo ambalo Waswahili watalipokea kwa tabasamu au kwa kununa. Mwaka 1929, gavana wa wakati huo, William Gowers, alipotaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na ofisi za Uganda, Kabaka huyu alitoa waraka kukipinga. Alihofia Luganda kufifia, na pamoja nayo nguvu ya ufalme wake. Leo, kwenye kilima chenye barabara yenye jina lake, ndipo yalipo makao makuu ya jeshi ambalo lugha yake ya kazi ni Kiswahili. Wakati wa kampeni ile hakuna aliyetarajia hilo.

Jambo la kumfundisha mtoto katika hadithi hii si kwamba Chwa alikuwa shujaa au msaliti. Ni mipaka ya kiti chake. Mwanawe, Mutesa II, aliigusa mipaka hiyo. Novemba 1953 alimkatalia gavana Andrew Cohen katika suala la mustakabali wa Buganda, na gavana akampakia ndege akampeleka Uingereza. Alikaa huko uhamishoni mpaka Oktoba 1955. Mfalme mweusi angeweza kukaa kitini miaka yote aliyotaka, ila si siku atakayosema hapana.

Miaka 24 ya kusubiri viti vitatu

Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Wajumbe wote walikuwa Wazungu. Wahindi walitaka uwakilishi sawa na wa Wazungu, wakasusa, na mjumbe wa kwanza wa asili hiyo hakuketi mpaka mwaka 1926. Waafrika, waliokuwa karibu wote katika nchi hiyo, walisubiri mpaka 1945. Mwaka huo waliteuliwa watatu: Kawalya Kaggwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Bunyoro na Yekonia Zirabamuzaale wa Busoga. Waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Uchaguzi wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika ulifanyika mwaka 1958, na Buganda haikushiriki. Miaka minne tu baadaye, tarehe 9 Oktoba 1962, nchi ikawa huru.

Hesabu hiyo ni rahisi kuandikwa ubaoni, na inasema zaidi ya orodha ya majina. Kwa miaka 24 sheria za ardhi, pamba, kodi na shule zilijadiliwa katika chumba ambacho wahusika hawakuwamo. Walipoingia, walikuwa watatu kati ya wengi. Mtoto anayeelewa hesabu ya kura anaweza kuona mwenyewe kwamba watu watatu huweza kusema, lakini hawawezi kushinda.

Baada ya hapo ndipo yanapoanza majina yaliyo katika kila kitabu. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Kiongozi mwaka 1961, kisha Waziri Mkuu wa kwanza mwaka uliofuata. Milton Obote aliipokea bendera ya uhuru. Pumla Kisosonkole, aliyezaliwa Afrika Kusini na kuolewa Buganda, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Specioza Wandira Kazibwe aliteuliwa Makamu wa Rais mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo barani Afrika.

Jina la Kiwanuka linastahili muda zaidi kuliko linavyopewa. Mwaka 1971 Idi Amin alimfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kiti hicho. Mwaka uliofuata alitoa uamuzi wa kumwachilia Mwingereza mmoja ambaye wanajeshi walimweka kizuizini bila kufuata sheria. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu, mchana kweupe, na hakuonekana tena. Huyu ni mtu mweusi aliyepoteza maisha kwa kumwambia mtawala mweusi kwamba sheria inamlinda hata mgeni mweupe. Somo la uongozi lenye kujali rangi peke yake halijui limweke wapi.

Wala halijui limweke wapi Sugra Visram. Mwanamke huyu wa asili ya Asia aliingia Bunge la uhuru la mwaka 1962 kwa tiketi ya Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa ufalme wa Buganda, na alijulikana kwa Luganda yake fasaha. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maisha ya kisiasa ya watu kama yeye yakakatika. Katiba ya mwaka 1995 ina jedwali la makabila asilia ya Uganda, yale yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Waasia hawamo, ingawa ni mwaka huo huo wa 1926 ambao mmoja wao alianza kuketi kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Wapo walioingia bungeni baadaye, kama Sanjay Tanna aliyechaguliwa na watu wa Tororo mwaka 2006. Mtoto wa Kampala mwenye asili ya Gujarat anayesoma darasa moja na mtoto wa mwanajeshi wa Mbuya, ndiye katika nchi hiyo mwenye swali linalofanana na la watoto wa wasikilizaji walio ughaibuni: je, katika serikali hii kuna nafasi ya mtu kama mimi?

Darasani

Katika shule za msingi za Uganda historia hufundishwa ndani ya Maarifa ya Jamii, somo ambalo wanafunzi huliita kwa kifupi SST. Darasa la tano husoma habari za Uganda, la sita Afrika Mashariki, la saba Afrika. Ni mpango mzuri, na mambo mengi yaliyotajwa hapo juu yana mahali pake ndani yake. Tatizo ni mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, PLE, ambao ndio mlango wa sekondari. Mtihani wa namna hiyo hupenda jibu fupi: nani alikuwa wa kwanza, mwaka gani, chama gani. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hufundisha kinachoulizwa. Hivyo mtoto hutoka na orodha ya waliotangulia, kama vile uongozi ni mbio za kufika kwanza.

Sekondari mambo yamebadilika kidogo. Mtaala mpya wa miaka minne ya kwanza, ulioanza mwaka 2020, umeifanya historia kuwa somo la lazima, ukaiunganisha na elimu ya siasa, na unamtaka mwanafunzi achunguze na kueleza badala ya kukariri. Hata hivyo kuna jambo ambalo mtaala hauwezi kulitatua. Rais Yoweri Museveni aliingia madarakani Januari 1986, na kufikia Januari 2026 ametimiza miaka 40. Katika nchi yenye watu milioni 45.9 kwa sensa ya mwaka 2024, wengi wao vijana na watoto, mtoto wa Mbuya na mara nyingi mama yake wamezaliwa chini ya rais mmoja. Kwao "kiongozi wa nchi" ni sura moja iliyotundikwa ukutani ofisini. Swali la nani anaamua, na kwa ruhusa ya nani, haliwi tena la mwaka 1900. Ni la leo, na linaulizwa mita chache kutoka lango la wizara. Si vigumu kuelewa kwa nini mwalimu ataona usalama katika orodha.

Sura zetu kwenye serikali za wengine

Mambo haya yanawagusa vipi walio mbali? Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wa New York walimchagua Zohran Mamdani kuwa meya. Alizaliwa Kampala mwaka 1991, ni mwana wa yule profesa Mahmood Mamdani, na jina lake la kati ni Kwame, kwa heshima ya Nkrumah. Miaka miwili kabla yake, Julai 2023, Arif Virani, aliyezaliwa Kampala na kuondoka akiwa mtoto mchanga wakati wa kufukuzwa kwa Waasia, aliteuliwa Waziri wa Sheria wa Kanada. Mwaka 2013 Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove katika Katanga, alikuwa mweusi wa kwanza kuwa waziri Italia, na akatupiwa ndizi akiwa jukwaani. Mwaka 2017 Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya, aliingia Seneti ya Australia.

Mzazi anayemwonyesha mtoto picha hizi hafanyi kosa. Mtoto anayetaniwa darasani kwa rangi au kwa lafudhi anahitaji kuziona, na katika mji ambao hakuna hata diwani mmoja anayefanana naye, picha moja yaweza kuwa na uzito ambao mtoto wa Kampala hataujua. Lakini picha iliyo peke yake huacha pengo. Tarehe 14 Aprili 2022 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza alisafiri hadi Kigali kutia saini makubaliano ya kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliofika Uingereza kwa njia zisizo halali. Waziri huyo alikuwa Priti Patel, binti wa wazazi waliotoka Uganda kwenda Uingereza katika miaka ya 1960. Mpango huo uliendelezwa na Rishi Sunak, Waziri Mkuu ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, mpaka serikali mpya ilipoufuta Julai 2024. Mtu anaweza kuuunga mkono mpango huo au kuupinga. Lisilowezekana ni kuubashiri kwa kutazama sura za waliousimamia.

Familia ya wakimbizi wa Kikongo iliyoko Birmingham, ambayo hatima yake yaweza kuamuliwa na wizara kama hiyo, inajua jambo hili bila kufundishwa. Watoto wake ndio wanaopewa shuleni bango lenye picha za mawaziri wasio Wazungu na kuambiwa wapake rangi. Bango hilo lingekuwa na faida zaidi lau chini ya kila picha pangeandikwa alichokisimamia mhusika, alipigaje kura, na nani alinufaika.

Kampala nyenzo za somo la namna hiyo hazikosekani. Bunge hupokea makundi ya wanafunzi, na Spika huwatambulisha wakiwa wameketi kwenye roshani ya wageni. Kutoka Mbuya ni safari fupi, foleni ikiruhusu. Kumbukumbu za mijadala huchapishwa neno kwa neno, ikiwa na jina la kila aliyesema. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za mfalme wa miaka mitatu na za wale wajumbe watatu wa mwaka 1945 anaweza kutazama chini kutoka rohani hapo na kuhesabu: wangapi wamehudhuria leo, nani amesimama kusema, muswada uliletwa na nani, na wakati wa kura ni mikono mingapi imeinuliwa.